Waipa ya Upande wa Abiria

Katika milima yote ya Khumir hakuna mwanamke anayejua magari kama mimi. Waulizeni watu. Au tuseme msiwaulize, maana watawaambia kwamba sijawahi kushika usukani, na kwamba kila nilipoonekana nimefungua boneti ya pikapu ya Lazhar nilikuwa natafuta mayai. Ni kweli. Kuku wangu mwekundu alipenda kutaga juu ya betri, kwenye joto la injini. Lakini mtu akiinama chini ya boneti miaka mingi, hata kama anachotafuta ni mayai, kuna mambo atayaona, na haya ninayoyaandika niliyaona.

Lazhar ni mtoto wa kaka yangu. Nilimlea mimi, ndiyo maana ana adabu mbele za watu. Pikapu yake ni kuukuu, nyuma imefunikwa turubai, na mlango wa dereva unafungwa kwa kamba. Kiangazi hubeba magome ya mialoni, yale ya kutengenezea vizibo vya chupa. Majira ya baridi hubeba chochote: kondoo, magunia ya ngano, wagonjwa, na mara moja alibeba jeneza pamoja na wapiga zumari wa harusi kwa kuwa wote walikuwa wanaelekea njia moja. Kitongoji chetu hakina gari jingine. Kutoka kwetu hadi hospitali ni mteremko mtupu, kona juu ya kona, upande mmoja msitu, upande wa pili hakuna kitu.

Mwaka ule mvua ilitukataa. Baridi iliingia kavu kama mkate wa juzi. Chemchemi yetu ikawa inatoa maji kidogo kidogo, inasimama, inatoa tena, kama mzee mwenye kibofu kibovu. Basi wanawake tukafanya linalofanywa, tukamvisha Mama Tannu, bi harusi wa mvua.

Unachukua upawa mkubwa wa mti, unaufunga kijiti cha kuwa mikono, unauvisha kama bi harusi. Wasichana wanampitisha nyumba kwa nyumba wakimwimbia, na kila mwenye nyumba anammwagia maji, ili huko juu waone aibu. Upawa ulikuwa wangu, ule wa mchuzi wa kuskus, umeungua kidogo ukingoni. Skafu nyekundu yenye vishada ilikuwa yangu pia. Rabha, mke wa Lazhar, alitoa kipande cha joho lake la harusi, na tumbo lake tayari lilikuwa limeshaanza kumtangulia mlangoni.

Sharti lake kila mtoto wa kike kwetu analijua kabla hajajua kusuka nywele. Mvua ikishuka, bi harusi avuliwe nguo kwenye maji yanayotembea, na upawa urudi chunguni. Asiachwe amevaa. Kwa nini, sijui. Nilipomuuliza bibi yangu alinizaba kofi, nikalichukua kofi lile kuwa ndilo jibu.

Vitongoji vyetu vimetawanyika, na wasichana wa siku hizi hawapendi kutembea, kwa hiyo mwaka ule Lazhar aliwazungusha kwa pikapu. Wasichana nyuma, chini ya turubai, na Mama Tannu mbele, wima, kwenye kiti cha abiria, maana bi harusi hapandi na mizigo. Wanawake walimmwagia maji kupitia dirishani.

"Shangazi, mtaniharibia kiti," Lazhar akalalamika.

"Nyamaza. Umepakia mwanamke asiyekujibu. Hutaipata tena bahati hiyo."

Mvua ilishuka hata hawajamaliza mzunguko. Haikushuka kama mvua iliyoombwa. Ilishuka kama iliyotukanwa. Kila mtu akakimbia, huyu anaweka ndoo, yule anaziba paa, mwingine anafukuzia kondoo ndani. Bi harusi hakuna aliyemkumbuka. Asubuhi nilikwenda kuchukua upawa wangu, nikakuta kiti kitupu na kimelowa. Wasichana walidhani nimemchukua mimi. Mimi nilidhani wamemvua wao. Rabha alidhani ni Lazhar, na Lazhar, kama wanaume wote, alidhani ni kazi ya mtu mwingine. Nikanunua upawa mpya sokoni, mambo yakaishia hapo. Ndivyo tulivyofikiri.

Kiti kile hakikukauka.

Lazhar alitandika ngozi ya kondoo, ikalowa. Akapanda juu ya paa la pikapu akalikagua kwa vidole, hakuona tundu. Akatandika nailoni. Kesho yake maji yalikuwa juu ya nailoni, kidimbwi kidogo, upana wake kama makalio ya mtoto. Akayafuta. Tangu siku hiyo abiria wake wote, hata wazee, aliwapandisha nyuma.

Kisha zikaja waipa. Ya upande wa dereva ilikufa kwanza, ikalala chini ya kioo kama mguu wa panzi. Ya upande wa abiria ikaendelea na kazi. Lazhar akawa anaendesha ameinamia upande ule apate kuona njia, shingo imepinda, mdomo karibu na kiti kitupu. Ukikutana naye barabarani ungedhani anamnong'oneza mtu.

Halafu, alasiri moja ya ukungu, mvua imepumzika kidogo, nilitoka kutafuta mayai. Pikapu imezimwa. Ufunguo nimeuacha nyuma yangu, umening'inia kwenye msumari ukutani, karibu na tasbihi. Na waipa ya abiria ilikuwa inatembea. Taratibu. Krr, inapanda. Inasimama. Krr, inashuka. Kioo chote kilikuwa cheupe kwa ukungu isipokuwa kipande kile, safi, cheusi, kama mtu aliye ndani anataka kuona nje.

Nikafungua boneti, nikachukua mayai yangu mawili, nikafunga. Mayai ni mayai. Ila kuku mwekundu hakurudi kutaga mle tena. Alihamia chini ya ngazi yetu, na mpaka leo ukimwonyesha pikapu anatazama pembeni.

Sikumwambia Rabha. Alikuwa amebakiza siku chache ajifungue, na uzazi wake wa kwanza nusura umchukue. Alipoteza mtoto na damu nyingi, na daktari alimwambia waziwazi: wa pili usizaliwe nyumbani. Asubuhi moja Lazhar alipowasha pikapu amteremshe mapema, akakae karibu na hospitali, waipa zote mbili ziligoma. Mota haikutoa hata mlio. Mvua nayo ilikuwa inamwagika. Mlinzi wa msitu, mwenye simu, akapiga hospitali. Wakamjibu kwa upole kwamba gari lao haliwezi matope yetu, ila tukimfikisha wenyewe watampokea.

Kumfikisha bila waipa, kwenye zile kona. Baridi iliyopita mfanyabiashara mmoja wa kondoo alijaribu, kioo kikajaa tope, akaenda upande ule ambao hauna kitu. Walimwona theluji ilipoyeyuka.

Ndipo Lazhar akamtumia salamu fundi Monji.

Fundi Monji ni fundi umeme wa magari, mjini. Nywele zake hupakwa mafuta mpaka nzi wanateleza, na ana jino la dhahabu ambalo humfanya acheke hata pasipo kichekesho. Alipanda na trekta la watu wa msitu, akaruka chini na sanduku lake la vifaa, akavuta pumzi kuelekea jikoni kwangu kabla hajanisalimu.

"Hajati, naona leo kuna nyama kavu kwenye kuskus."

Kuhiji sijahiji, safari yangu ndefu kuliko zote ni sokoni, lakini jina hilo silikatai. "Ipo," nikasema. "Waipa zikitembea, utakula. Zisipotembea, utanusa."

"Nionyesheni mgonjwa."

Lazhar akamweleza yote: upande mmoja kufa, upande mmoja kutembea, ufunguo ukutani. Monji alicheka jino likatoka lote.

"Kaka Lazhar, hizo ni nyaya zimechubuka zinagusana. Mimi siamini majini. Mimi naamini volti kumi na mbili tu."

"Na kiti kulowa?"

"Hilo muulize mkeo unakaa na nani."

Rabha, aliyekuwa mlangoni ameshika kiuno, akasema, "Akimpata wa kukaa naye humo, fundi, nitampa na turubai." Tukacheka wote. Ndicho kicheko cha mwisho siku ile ninachokikumbuka vizuri.

Mota ya waipa kwenye gari lile imejificha chini ya dashibodi, upande wa abiria, juu ya pale miguu inapokaa. Monji alilala chali sakafuni, miguu nje ya mlango kwenye mvua, akafungua boliti, akaitoa. Ndogo tu, kama kitunguu kikubwa. Akaiweka kwenye sinia yangu chini ya kibaraza, akaifungua. Grisi yake ilikuwa imegeuka sabuni. Akaikwangua kwa bisibisi, akasafisha shaba ya ndani kwa kitambaa chenye petroli, kisha akanionyesha ugonjwa wenyewe.

"Unaona hizi, Hajati? Kaboni. Ziko mbili, na kila moja ina springi inayoisukuma. Umeme unapita humu kuingia kwenye moyo wa mota. Hizi zimelika zimekuwa kama dengu. Bila kaboni, mota ni jiwe. Hata uifunge kwenye umeme wa serikali, haitembei."

Akazitupa uani. Kuku mwekundu akaja mbio, akameza moja, akajaribu ya pili, akaimeza nayo.

"Kuku wako atawaka," akasema Monji.

"Afadhali. Tutaona njia ya kwenda chooni."

Kaboni mpya za gari lile hazipatikani tena, ni za zamani mno. Lakini kwenye kopo lake alikuwa na kaboni moja kubwa ya stata ya lori. Akaikata katikati kwa msumeno mwembamba, akachuchumaa kwenye kizingiti changu, akavisugua vile vipande viwili juu ya jiwe, mara huku mara huku, anavipima kwenye vitundu vya mota, anasugua tena, mpaka vikaingia bila kubana wala kucheza. Weusi wake haujatoka kwenye kizingiti mpaka leo. Vidole vyake vikawa vyeusi kama vya mchoma mkaa.

Alipokuwa anasugua, Rabha akanigusa bega. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shangazi, yamenimwagika," nami nikatazama chini nikaona.

"Fundi," nikasema, "maliza."

"Nafunga mota mahali pake, kisha kaboni zinaingia mwisho, kwa hivi vitundu vya pembeni. Dakika chache." Akatia kaboni na springi zake mfukoni mwa koti, akabeba mota, akalala tena chini ya dashibodi.

Lazhar alikwenda nyuma kukaza turubai. Mimi nilikuwa kibarazani nafunga nguo za mtoto kwenye shuka. Nikamsikia Monji, chini kule, akisema kwa sauti ndogo, ya upole sana, "Niachie."

Nikageuka. "Unasema nini, fundi?"

"Naongea na spana, Hajati."

Miguu yake, iliyokuwa nje, ilikuwa imejikunja kama ya mtu aliyekanyaga maji ya barafu. Kisha nikasikia vifaa vinarushwa ovyo kwenye sanduku, na Monji akatoka kinyumenyume, haraka kuliko umri wake. Nywele zake zilizopakwa mafuta zilikuwa zimelowa chepechepe, na mkono wa kulia wa koti, kuanzia kiwiko hadi kifundo, ulikuwa unachuruzika. Kichwa na mikono yake vilikuwa ndani ya gari. Mvua haikuvifika huko.

"Vipi?" Lazhar akauliza.

Monji alifungua mdomo. Naamini alitaka kusema imeshindikana. Lakini Lazhar, mwenye mke anayeugulia mlangoni, hakungoja jibu. Aliwasha gari, akavuta swichi.

Waipa zikanyanyuka. Zote mbili. Zikapanda pamoja na kushuka pamoja, laini, bila mkwaruzo, kama siku gari lile lilipotoka kiwandani kabla mimi sijazeeka.

"Mungu akupe maisha, fundi," Lazhar akasema, machozi yanamlengalenga. "Mikono yako ni dhahabu."

Monji alikuwa anazitazama waipa, na uso wake ulikuwa na rangi ya jivu la juzi. Nikadhani njaa.

"Kula haraka kijiko kimoja," nikamwambia. "Tunakushusha mjini."

"Sina njaa, Hajati."

Hapo ndipo mimi nilipoanza kuogopa. Nimemjua fundi Monji tangu hana jino la dhahabu, na sijawahi kumsikia akisema maneno hayo.

"Na nitakaa nyuma," akaongeza.

"Nyuma kuna mvua. Tutabanana mbele."

"Napenda hewa."

Akapanda nyuma, akajikunyata chini ya turubai, mgongo kwa kibanda cha dereva.

Kiti cha mbele ni kimoja kirefu. Nilimfungulia Rabha akae dirishani, apate kuegemea. Akaweka mguu ndani, akausimamisha hapohapo.

"Hapo pana mtu," akasema.

"Maumivu hayo, mwanangu. Ingia."

"Shangazi, sikai juu ya mtu."

Hakusema kwa hofu. Alisema kama unavyosema msikitini unapokuta nafasi imechukuliwa. Basi nikampisha akae katikati, karibu na mumewe, nikaingia mimi dirishani. Nilikuwa nimevaa nguo tatu na shuka juu. Maji yalipenya zote mara moja, baridi inayouma mpaka mfupani, na uzito mdogo ukaniegemea mapajani, kama kumpakata mtoto aliyetolewa mtoni. Mtu wa umri wangu akisema amelowa ndani ya gari, watu wana maelezo yao.

Tukateremka. Ukungu ulikuwa umeshika msitu wote, mvua inapiga kioo kama mtu anayerusha kokoto, na kila kona ilikuja ghafla, mti, jiwe, halafu ule weupe usio na chini. Lakini waipa zilifanya kazi. Lazhar aliendesha taratibu, midomo inatembea kwa dua. Rabha aliuma pindo la shuka langu. Kila maumivu yalipomshika, waipa ziliongeza mwendo kidogo. Lazhar hakuwa amegusa swichi. Alinitazama, nami nikatazama njia.

Tulipofika Kijito cha Nguruwe, pale maji yanapokatiza barabara, waipa zikasimama.

Hazikulala chini. Zilisimama wima katikati ya kioo, sambamba, kama mtu aliyeinua mikono. Lazhar akavuta swichi, akaisukuma, akaipiga. Injini inanguruma, taa zinawaka, waipa wima. Maji yakafunika kioo, hatukuona hata pua ya gari.

"Fundi," Lazhar akapiga ukuta wa nyuma kwa kiganja. "Fundi, njoo uangalie, zimesimama."

Kutoka nyuma, sauti ikasema, "Sishuki."

"Shuka, mke wangu anazaa."

"Namwombea. Sishuki."

Rabha alinishika mkono, akaubana mpaka pete ikanikata. Nilijua nilichokuwa natazama: uzazi wa kwanza ulivyokwenda, na saa ngapi damu ile ilianza. Na hapo, chini, kitu kikanigonga kwenye muundi. Tok. Polepole. Tok. Mti juu ya mfupa.

Nikainama. Nikapeleka mkono gizani, juu ya miguu yangu, mahali pale pale Monji alipokuwa amepeleka wake, kati ya nyaya na mota. Nikagusa kitambaa kilicholowa. Nikavuta. Kikawa kinakuja na kusita, kama mtoto anayetolewa kitandani asubuhi, kisha kikaja chote.

Upawa wangu. Umevaa vilevile tulivyomvisha, joho la Rabha, skafu yangu, vishada vinachuruzika. Mkono mmoja wa kijiti ulikuwa umepinda, vidole hana, lakini ulikuwa umepinda kama umezunguka kitu.

Sisi Mama Tannu hatumchori uso. Huyu alikuwa na macho. Madoa mawili meusi ya mviringo, yamekaa sawa mahali pake, yananitazama. Mtu anaweza kusema ni alama za vidole vya fundi, vyenye weusi wa kaboni. Mchana kukiwa na jua, nami husema hivyo.

"Shangazi," Lazhar akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto niliyemlea. "Huyo alikuwa wapi?"

"Alikuwa anasubiri. Bi harusi hashuki mwenyewe."

Nikafungua mlango, nikaingia kwenye mvua, nikachuchumaa ukingoni mwa kijito. Nilimvua kwa utaratibu, jinsi anavyovuliwa bi harusi, sikuchana kitu ingawa vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Pini moja. Ya pili. Joho. Kijiti cha mikono nikakifungua, na kilikuwa kigumu kuachia. Skafu mwisho. Niliivaa harusini kwangu, nikailia kwenye msiba wa mume wangu, sasa nikaipa maji, ikaenda nyekundu kidogo halafu haikuonekana.

"Tusamehe," nikamwambia. "Tulikuwa tunaziba paa."

Kabla sijasimama nikasikia nyuma yangu. Krr. Kisha pamoja, laini, zikipanda na kushuka.

Nikaufunga upawa mtupu ndani ya shuka langu, kifuani, nikapanda. Kiti kilikuwa kikavu. Kikavu kabisa, kina joto, kama mtu ameinuka sasa hivi kukupisha. Lazhar akavusha gari kijitoni, maji yakapiga milango, na hatukusimama tena mpaka taa za hospitali.

Wakamchukua Rabha kwa kitanda cha magurudumu. Tukakaa kwenye benchi la korido, mimi na Lazhar, tunachuruzika sakafuni, mfagiaji anatutazama kwa chuki. Lazhar alikuwa ameshika ufunguo wa gari kwa mikono miwili. Niliushika upawa chini ya shuka na kuhesabu vigae vya ukutani, nikapotea, nikaanza upya.

Mkunga alitoka akiwa ameshusha barakoa. "Msichana," akasema. "Mama yake anaomba chai, na anauliza nani atamletea." Kisha akatutazama vizuri zaidi. "Mngechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine."

Lazhar akafunika uso.

Na hapo ndipo fundi Monji aliporudiwa na rangi. Alikuwa amesimama karibu na mlango wakati wote, mbali nasi, mbali na mimi hasa. Sasa mlinzi wa mlangoni na madereva wawili wa teksi walikuwa wamemzunguka wamuulize habari, na jino lilikuwa limeshatoka.

"Mota ile ilikuwa maiti," alikuwa anawaambia. "Fundi mwingine angewaambia nunueni mpya. Mimi nikachonga kaboni kwa mkono, juu ya jiwe, kama sonara. Nikazipandisha mwenyewe, nimelala chali kwenye matope. Mmeona wenyewe matokeo. Roho mbili zimepona."

"Hongera, fundi," nikasema. "Uliziingiza zote mbili?"

"Zote mbili, Hajati."

"Na springi zake?"

"Na springi zake. Nikafunga na vifuniko. Naapa kwa mtoto aliyezaliwa leo."

"Basi hazikukupa taabu kule chini."

"Taabu gani? Mimi naamini volti kumi na mbili tu."

Madereva wakacheka. Lazhar alisimama kumkumbatia, analia waziwazi, na Monji, ambaye kwa kweli ana moyo laini, akaingiza mkono mfukoni mwa koti amtolee leso. Leso ikatoka na vitu vingine. Vitu viwili vidogo vyeusi vilianguka kwenye vigae, vikadunda, vikaja kusimama mbele ya viatu vyangu. Springi mbili zikafuata, zikirukaruka.

Niliinama nikaziokota kaboni, nikazigeuza kiganjani. Hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Hazikuwa zimegusa shaba yoyote. Nje ya dirisha, pikapu ilikuwa imesimama kwenye mvua, na mota yake ilikuwa na vitundu viwili vitupu.

"Hizo," Monji akasema, "ni za akiba."

"Kaboni ya stata ilitoa mbili tu, fundi. Nilikuwa kibarazani. Na zile za zamani ziko tumboni mwa kuku wangu."

Monji alikuwa anatazama kifuani kwangu, mahali mpini wa upawa ulipochungulia kwenye shuka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kusugua kifundo cha wa kulia.